Zimamoto kwa Shirika: Mwongozo kwa Butembo, Beni na Vijiji vya Masereka

Ikiwa wewe ni katibu wa komuni, au mkubwa wa soko, au mfanyabiashara uliyetumwa na jirani zako ukamwambie meya kwamba watu wamechoka kutazama mali yao ikiteketea, basi maneno haya yameandikwa kwa ajili yako. Nami nataka kuyaanza kwa ombi ambalo huenda likakuudhi, nalo ni kwamba usianze kwa kuomba gari. Najua kwamba gari jekundu ndilo linalotamaniwa na macho, na kwamba mkutano wowote wa raia juu ya moto, ukianzia Beni au ukianzia Butembo, huishia katika kutaja bei ya gari. Lakini gari hupatikana kwa siku moja, kwa hisani ya mfadhili au kwa mchango wa matajiri, likapigwa picha na kushangiliwa. Na wale watu watakaolala kando yake usiku na mchana, wakakimbilia kule wenzao wanakokukimbia, wakazeeka na mapafu yao yamejaa moshi wa miaka thelathini, hao ndio gharama yenyewe ya zimamoto. Mji ambao haujakata shauri juu ya uzee wa watu hao una gari tu, na gari hilo, mishahara ikikosekana miezi mitatu mfululizo, litageuka kiota cha kuku uani mwa ofisi.

Moto wetu una tabia zake, na inafaa uzijue kabla ya kutafuta dawa. Butembo ni mji wa biashara uliojengwa juu ya vilima, maduka yamebanana na maghala, mbao zimeegemea mbao, na katika chumba kimoja aghalabu hukutana mbabula ya makala, bidoni za petroli inayouzwa kwa chupa kando ya njia, jenereta, na nyaya za umeme zilizoungwa na fundi ambaye hakuna aliyemwuliza alijifunzia wapi. Beni, iliyo chini zaidi kuelekea msituni, ina hayo yote, na fauka ya hayo hupokea malori ya mafuta yanayoingia kwa njia ya Kasindi kutoka Uganda. Masereka, katika milima ya Lubero, mambo ni mengine: nyumba hutengana kwa mashamba ya viazi, lakini jiko la kuni, paa la nyasi na majani makavu ya kiangazi hufanya kazi ile ile, na maji yako bondeni hali nyumba ziko kilimani. Usiku, moto unapozuka mjini, watu hufanya kama wafanyavyo wanapovamiwa na majambazi: hupuliza filimbi na kugonga masufuria mpaka kartie nzima imetoka na ndoo. Desturi hii ni hazina kubwa, nami nakusihi usikubali mtu yeyote akuambie kwamba kikosi cha zimamoto huja kuifuta, kwa maana filimbi ndiyo itakayokuwa ikifika kabla ya gari siku zote.

Sasa itazame njia. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54 hivi, na lori lililobeba maji, hata njia ikiwa kavu na salama, litakwenda saa nzima au zaidi, na duka la mbao halingoji hata robo ya saa hiyo. Asemaye kwamba gari moja litatosha miji miwili amehesabu fedha na hakuhesabu dakika. Kwa hiyo kila mji uwe na gari lake na watu wake, na miji ishirikiane katika yale ambayo hayaharakishwi na king'ora: mafunzo, fundi wa mitambo, akiba ya vipuri, mavazi ya kazi, redio za mawasiliano, kiwango kimoja cha mshahara, na hasa fedha za kuhifadhi uzee. Tena mwagize fundi, kabla ya ununuzi wa kwanza, ahakikishe kwamba vichwa vya mipira ya maji vya miji yote miwili vinaingiana. Hili ni jambo dogo lililokwisha kuunguza mji mkubwa. Mwezi wa Februari 1904, Baltimore ya Marekani ilipowaka, vikosi vya Washington, Philadelphia na New York vilikuja mbio kuisaidia, na wengi wao wakasimama na mipira mikononi kwa sababu haikuungika na mabomba ya mji ule. Majengo zaidi ya 1,500 yakateketea. Wale watu walikuwa na nia njema, walikuwa na magari, na maji yalikuwapo. Kilichokosekana ni mapatano yaliyofanywa wakati wa utulivu.

Namna za kushirikiana ni nyingi, na majirani zetu wamezijaribu kwa njia zinazohitilafiana. Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, imeziachia kaunti kazi ya kuzima moto. Tanzania, kwa sheria ya 2007, imeitoa kazi hiyo katika halmashauri za miji na kuikabidhi kwa jeshi moja la taifa, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Uganda imeiweka ndani ya polisi. Wafaransa, ambao sheria zetu nyingi zimefuata mtindo wao, walikuwa na vikosi vya kila mji mpaka sheria ya 3 Mei 1996 ilipovikusanya katika ngazi ya mkoa, na miji ikabaki ikilipa fungu lake kila mwaka. Mimi naelekea zaidi kwenye njia hii ya mwisho, ila sisi hatuna mkoa wenye uwezo wa kukusanya vikosi ambavyo bado havijazaliwa, na kwa sababu hiyo lazima miji ianze yenyewe kwa mkataba.

Je, ina haki ya kufanya mkataba? Inayo. Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006, katika ibara ya 3, imeupa mji, komuni, sekta na usultani nafsi ya kisheria, yaani uwezo wa kumiliki mali, kuajiri na kuahidi kwa jina lake. Na sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya maeneo hayo imefafanua uendeshaji wake, pamoja na usimamizi wa gavana juu ya bajeti, kodi na mikopo. Kwa hiyo usitie saini kwanza ukaomba ridhaa ya gavana baadaye. Hapo zamani ungeshauriwa kuipeleka rasimu Goma, makao makuu ya mkoa. Lakini tangu Goma ilipotoka mikononi mwa serikali Januari 2025, ofisi ya gavana imekuwa Beni, na hilo, pamoja na msiba wake wote, limeufupisha mwendo wa karatasi yako. Kumbuka pia kwamba tangu utawala wa dharura wa kijeshi ulipoanza 6 Mei 2021, mameya wetu wamekuwa maafisa waliotumwa, ambao huja na kuondoka. Mkataba uandikwe kwa jina la mji, si kwa jina la afisa, uwekwe nakala katika kila komuni, na usomwe hadharani mbele ya wakubwa wa masoko, ili afisa ajaye aukute ukiwa mali ya watu.

Nakuja kwenye fungu, yaani nani alipe ngapi, na hapa ndipo mashauri mengi huvunjika. Mtu wa kwanza atasema, tulipe kwa hesabu ya watu. Na neno hili ni la insafu, ila nchi yetu haijahesabiwa tangu 1984, na kila mji utajitajia idadi kubwa unapoomba msaada na idadi ndogo unapoombwa mchango. Chukueni basi daftari la wapiga kura lililoandikwa na CENI, yaani tume ya uchaguzi, ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya zimamoto na kwa hiyo hakuna aliyelipinda kwa sababu hiyo. Mtu wa pili atasema, alipe zaidi yule mwenye cha kuunguzwa. Naye pia ana haki, kwa kuwa ghala moja la vitambaa na sukari katikati ya Butembo lina thamani ya kijiji kizima. Changanyeni mawili hayo: nusu ya gharama igawanywe kwa hesabu ya wapiga kura, nusu nyingine kwa hesabu ya maduka na maghala yanayolipa ushuru wa soko. Mtu wa tatu atasema, tulipe kwa kila mwito. Huyu mkatalieni kabisa, maana maskini akijua kwamba kuita zimamoto kunaongeza deni la komuni yake, atasitasita, na moto haujui kusitasita.

Fedha yenyewe itoke wapi? Sheria inasema kwamba mikoa ina asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na kwamba maeneo yetu yana asilimia 40 ya fungu hilo la mikoa. Lakini kila aliyekaa katika ofisi ya mji anajua jinsi fedha hiyo inavyochelewa na kupungua njiani. Nakushauri uihesabu kuwa mvua: ikinyesha, nunua vipuri na mipira; isiponyesha, mshahara usiguswe. Mishahara na michango ya uzeeni isimame juu ya mapato yanayokusanywa hapa hapa, hasa ushuru wa masoko na wa maegesho, kwa kutenga sehemu yake iliyotajwa katika bajeti. Wala usibuni kodi mpya na kuipa jina la moto bila kuitazama orodha ya kodi na tozo iliyowekwa kwa amri ya sheria ya 13 Machi 2018, kwani raia wetu wamechoshwa na risiti zisizo na asili, nao wakikushuku juu ya risiti moja watakushuku juu ya kazi nzima.

Sasa tufike penye moyo wa jambo hili. Mzimamoto, ambaye mjini wengi humwita pompie, anaweza kuwa mtumishi wa serikali mwenye matrikuli, yaani nambari ya utumishi, au mfanyakazi wa mkataba wa mji. Kama ana matrikuli, mfuko wake wa hifadhi ya jamii ni CNSSAP, ulioundwa kwa amri ya Desemba 2015 na kupewa sheria yake mahususi tarehe 15 Julai 2022. Kama ameajiriwa na mji kwa mkataba wa kazi, mfuko wake ni CNSS, ambao ndio INSS ya zamani iliyozaliwa 1961, na misingi yake mipya imo katika sheria nambari 16/009 ya 15 Julai 2016. Jambo la kuogopwa ni mtu wa tatu, naye ni mwingi katika ofisi zetu: yule anayefanya kazi bila ya matrikuli na bila ya mkataba, akilipwa kitu kidogo siku fedha inapopatikana, akitumaini kwamba uaminifu wake utakuja kuandikwa. Usimpandishe mtu wa namna hiyo juu ya gari la zimamoto hata siku moja. Akianguka na paa, hakuna mfuko utakaomjua, wala mjane wake hatakuwa na mlango wa kubisha.

Hesabu ya CNSS si ngumu, nami naifanya hapa ili usidanganywe na mtu. Asilimia 5 ya mshahara hukatwa kwa mfanyakazi kwa ajili ya pensheni, na mwajiri huongeza 5 nyingine. Tena mwajiri peke yake hutoa 6.5 kwa posho za familia na 1.5 kwa ajali na maradhi yatokanayo na kazi, jumla 18. Tuseme mji umeajiri watu 20, kila mmoja kwa dola 200 kwa mwezi. Mishahara ni dola 4,000. Kwa kila mtu, mji unaongeza dola 26 juu ya mshahara, na dola 10 zinakatwa kwake. Kwa hiyo kila mwezi dola 720 lazima zifike katika mfuko, na gharama halisi ya mji si 4,000 bali 4,520, yaani 54,240 kwa mwaka. Iandike hesabu hii ya mwisho katika bajeti, wala usiiandike ile ya kwanza. Miji mingi huandika mshahara peke yake na kuacha michango iwe jambo la baadaye, na katika fedha za umma neno baadaye halina tarehe.

Ni lazima pia mkataba useme wazi nani ndiye mwajiri. Nimekwisha kuona katika kazi nyingine za ushirika, ambazo sitazitaja, jinsi mfanyakazi anavyokuwa wa wote siku ya kazi na asiwe wa mtu yeyote siku ya kulipwa. Kuunda chombo kipya juu ya miji miwili ni safari ndefu ya mihuri. Rahisi zaidi ni kila mji uwe mwajiri wa kikosi chake, kwa kiwango kimoja cha mshahara, na miji yote ifungue akaunti moja ya akiba yenye saini mbili, moja ya Butembo na moja ya Beni, ambamo michango ya miezi mitatu ya watu wote imelala daima. Mwezi ambao mji mmoja umeshindwa kulipa, akiba hiyo hulipa moja kwa moja kwa CNSS, na mji uliokosa hurudisha kabla ya kuruhusiwa kununua kitu kingine chochote. Neema moja tuliyo nayo ni kwamba mfuko wetu ni wa taifa zima: mzimamoto akihama kutoka Beni kwenda Butembo, nambari yake ni ile ile na miaka yake haipotei, ambapo miji mingi ya ng'ambo ina mifuko yake yenyewe na kila mhamaji hubeba mzigo wa kufungua na kufunga hesabu.

Usidhani kwamba hofu yangu ni ya bure. Kenya, serikali za miji zilipovunjwa na kaunti kuchukua mahali pake mwaka 2013, kaunti zilirithi madeni makubwa ya michango ambayo ilikuwa imekatwa katika mishahara na haikufikishwa kwenye mifuko ya pensheni ya serikali za mitaa. Na nyingi zikaongeza madeni mapya juu ya yale ya zamani. Mzee aliyefagia njia au kuzima moto kwa miaka 25 alikwenda kuuliza haki yake akaambiwa kwamba jina lake lipo, fedha haipo. Na kosa la upande wa pili pia lipo: mji wa Vallejo, huko California, uliomba ulinzi wa mahakama ya waliofilisika Mei 2008, kwa sababu sehemu kubwa ya hazina yake ilikuwa imefungwa na mishahara na ahadi za polisi na wazimamoto, ahadi zilizotolewa katika miaka ya neema bila ya kuuliza miaka ya dhiki italipa nini. Wa Kenya walikata na hawakupeleka. Wa Vallejo waliahidi kuliko walivyoweza kubeba. Sisi tukishika kiwango cha sheria, tusikipunguze kwa ujanja wala kukizidisha kwa ukarimu wa siku ya sherehe, tutakuwa tumejikinga na maovu yote mawili.

Yako mengine yanayofungamana na hayo, nayo ni karatasi. Pensheni ni kumbukumbu kabla ya kuwa fedha: mtu atakapofikisha miaka 60 ataulizwa alianza lini, akilipwa kiasi gani, na nani aliyemtangaza kwa mfuko, na jibu limo katika orodha za mishahara za miaka ambayo makarani wake wamekwisha kufa. Tarehe 25 Novemba 2019, katika ghadhabu ya watu juu ya mauaji yasiyokoma, jumba la meya wa Beni lilichomwa moto. Anayeweka kumbukumbu za utumishi wa watu mahali pamoja tu, katika mkoa kama huu wetu, anauchezea uzee wao. Kila orodha ya mshahara itolewe nakala tatu: moja ibaki ofisini, moja ilale katika mji mwenzake, na ya tatu apewe mfanyakazi mwenyewe, naye afundishwe kuitunza kama anavyotunza hati ya kiwanja chake. Kila miezi mitatu, isomwe mbele ya kikosi kizima hati ya malipo iliyotolewa na CNSS, majina na kiasi, kwa sauti. Asiyesikia jina lake aulize papo hapo.

Imebaki Masereka, na vijiji vyote vinavyofanana nayo, ambako hakuna atakayeajiri kikosi cha mshahara, wala sioni aibu kulisema hilo. Usultani na uingie katika mkataba kwa fungu dogo, nao upate haki mbili: mafunzo ya vijana wake katika kambi ya kikosi cha Butembo mara mbili kwa mwaka, na vifaa vya mkono, yaani ngazi, mashoka, ndoo za mchanga, pampu ya mkono na matangi ya kuvuna maji ya mvua karibu na shule, zahanati na soko. Wazimamoto walio wengi wa Ufaransa ni wa kujitolea vile vile, wakulima na mafundi wanaoacha kazi zao mwito unapofika, nao wakishatumikia miaka mingi hupewa malipo ya uaminifu. Kwetu kijana wa kujitolea hana mshahara wa kukatwa asilimia 5, lakini ana muso. Kila kijiji kina kikundi hicho cha kuweka na kukopa, na sanduku lake na daftari lake. Basi mkataba utoe kila mwezi kiasi kidogo kwa jina la kila kijana aliyehudhuria mafunzo, kiwekwe katika muso wa kijiji chake, kisiguswe isipokuwa ameumia motoni, au amefikisha miaka kumi ya utumishi. Si pensheni, nami sitaki uiite hivyo mbele yao, maana atakayeahidiwa pensheni akapewa kiinua mgongo atajiona amedhulumiwa.

Jumapili ya kwanza baada ya mkataba kutiwa saini, kabla ya gari kufika, panda Masereka baada ya misa au ibada, ukiwa na daftari jipya na kamba ya kupimia urefu wa ngazi za kijiji. Waulize wazee maji ya karibu yako wapi katika kila mtaa, na nani ana funguo za zahanati usiku. Andika majina ya vijana walio tayari, na umri wao, na jina la mama wa kila mmoja, ili baadaye asichanganywe na mwingine wa jina lake.